Mioto Minne katika Barua Moja

Siku niliyokabidhi funguo za kabati, wenzangu wa gereji mliniomba niandike ninayoyajua kuhusu taa za magari kabla sijaanza kuyasahau. Niliomba kurasa ishirini, mkasema tano. Nikasema kumi. Tumepatana sita, na mjue kwamba wa sita ni wa mchoro ambao sitauchora. Kuhusu mishahara na vyeo sitaandika: mishahara mnaijua, na vyeo gereji yetu haikuwahi kuwa navyo.

Nilianza kwa Mzee Rajabu, fundi wa umeme wa magari, ambaye uwanja wake ulikuwa mitaa miwili kutoka msikitini. Mama yangu, Mama Zaituni, aliuza vitenge sokoni, na mimi, Zaina, nilijua kupatana bei kabla sijajua kusoma saa. Nilipofika, Mzee alinitazama kutoka chini ya boneti.

"We ni mutoto wa Mama Zaituni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mama yako aliniuzisha kitenge ya metre sita. Nafika kwangu, napima, iko tano na nusu. Leo tutaona kama kwenu munajua kuhesabu."

Akanitupia fungu la nyaya alilolitoa kwenye Corolla iliyokufa, limefungwa utepe mweusi, ule ambao hapa kila mtu huuita skochi. Akaniambia nihesabu. Nikahesabu: kumi na moja. Akasema nihesabu tena. Kumi na moja. Nilidhani nimefaulu.

"Umehesabu mara mbili upande mumoja," akasema. "Hiyo ni mara moja."

Upande wa pili zilikuwa kumi na mbili. Nilihesabu tena, maana katika ukoo wetu nambari isiyopendeza huwa hatuiamini. Kumi na mbili. Mzee akaniuliza huo wa kumi na mbili umezaliwa wapi, kisha akaenda kuswali na kula, na mimi nikabaki nabandua skochi kidole kwa kidole. Karibu na katikati nilikipata kiungo: waya mmoja uliingia, mbili zikatoka. Mtu fulani alikuwa ameiba umeme wa taa ya kibao cha namba ili kuwasha redio. Hilo ndilo somo la kwanza na sitalirudia: hesabu ncha zote mbili. Zikitofautiana, kuna kiungo katikati, na shida nyingi za taa hukaa kwenye kiungo.

Somo la pili lilikuwa la skochi yenyewe. Mzee Rajabu alipomaliza kufunga, alikunja ncha ya utepe kidogo na kuiacha imesimama, kama sikio la mbuzi. "Atakayekuja nyuma yako asilie," alisema. "Ashike sikio, avute." Katika mji wetu wote wa Gisenyi, hapa Rwanda, niliona watu wawili tu wanaoacha sikio: yeye na mimi. Wengine walifunga kana kwamba wanazika.

Kifaa changu cha miaka yote ni taa ya kupimia niliyoitengeneza wiki ile: ampuli ndogo, yaani balbu, waya wenye kibano, na sindano ya kushonea magunia ya viazi. Kibano unakibana kwenye bodi ya gari, sindano unaichoma kwenye waya. Ampuli ikiwaka, waya una umeme. Nimenunua mita za kupimia umeme, zile za namba, mara tatu. Mbili ziliibwa, ya tatu ilidanganya. Taa yangu haikuibwa hata siku moja, kwa sababu inafanana na takataka.

Kwa wale mliotoka mbali, maneno pia ni vifaa. Waya unaorudisha umeme kwenye bodi, sisi wa hapa na waliotoka Goma tunauita masi. Waliorudi kutoka Tanzania na Uganda wanauita athi. Wote ni mmoja, msigombane. Waya unaoleta umeme kutoka betri ni waya ya moto. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi, tangu Mzee Rajabu mpaka mimi, lilikuwa moja: "Iko na moto?" Kama ampuli ya gari imezima na moto uko, tafuta masi. Kama moto hauko, anza kwenye fyuzi na ushuke. Swali hilo lilinilisha miaka mingi. Nitaeleza lilivyonitapikia.

Kabla ya hapo, machache. Msiamini rangi. Kuna mwenzetu mmoja aliyeapa kwamba masi daima ni nyeusi. Kwenye magari mengi ya Kijapani niliyofungua, nyeusi ndiyo ya moto, na masi ni nyeupe yenye mstari mweusi. Aliyeapa alichoma fyuzi nne, kisha akamlaumu muuza fyuzi. Pikapu za viazi kutoka Mudende, zikija na fari moja kipofu, yaani taa ya mbele isiyowaka, angalieni panya kwanza: dereva halali na viazi, panya analala nao, na ngozi ya waya ni mboga kwake. Na magari ya Nyamyumba yana ugonjwa wao. Watu huyarudisha kinyumenyume ziwani kuyaosha, maji yanaingia kwenye soketi za taa za nyuma, zinaota kijani. Mmoja alinieleza kwamba yeye hutumia maji ya chemchemi ya moto kwa sababu yanatibu kutu. Nilimwambia yanatibu miguu tu, tena ya mwenye imani.

Sasa Dieudonné. Alirudi kutoka Congo na familia yake, akanunua minibasi ya kubeba wanafunzi: asubuhi anawapandisha kutoka mjini hadi shule ya masista huko Nyundo, mchana anawashusha. Mtu mpole, mwenye shati safi, na mpatanaji ambaye ningemheshimu kama asingekuwa mteja wangu. Siku moja alikuja akitaka taa ya stopu ya tatu, juu kwenye kioo cha nyuma, ili malori yanayomfuata kwenye mteremko yaone anaposhika breki. Wazo zuri. Bei tulimaliza haraka. Tulikwama kwenye muda.

"Saa moja nzima," nikasema.

"Ma Zaina, batoto banatoka sasa hivi. Dakika kumi."

"Dakika hamsini."

"Kumi na tano, na nitakuombea."

"Arobaini, usiniombee."

Tulipatana ishirini na tano. Nilijipongeza, maana yeye alipanda zaidi ya mara mbili. Lakini kiungo cha kuaminika kinalehemiwa, na chuma cha kulehemu peke yake hutaka robo saa kupata joto. Basi niliunganisha waya wa taa mpya na waya wa stopu chini ya zulia, karibu na gurudumu la nyuma, kwa kuzisokota tu kwa mkono. Nikafunga skochi, nikaacha sikio. Taa ikawaka. Dieudonné akapiga makofi, akaondoka mbio. Nilijiambia siku akipita tena nitalehemu. Alipita tena mara nyingi. Mimi nilikuwa na magari mengine.

Miaka ilipita. Watoto wa msimu wa mvua waliingia na viatu vyenye maji, maji yakaenda chini ya zulia. Ndipo gari lake likaanguka kontrolo, yaani ule ukaguzi wa magari: taa za stopu zilikuwa hafifu. Akapewa siku ya kurudi, Ijumaa. Msimamizi wa shule, sista tunayemwita Masera Bernadette, akamwambia bila kupandisha sauti kwamba lisipopita Ijumaa, Jumatatu watoto watabebwa na mwingine. Na mwingine alikuwepo, tena alikuwa ameanza kuegesha gari lake mbele ya lango la shule, analipangusa.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana Dieudonné alinipigia simu kutoka uwanja wa shule.

"Ma Zaina, stopu iko nalegea kabisa."

"Iko na moto?"

"Iko! Moto mingi. Nimepima na mukono yangu mwenyewe."

Hapo mnisikilize. Madereva wangu wote nilikuwa nimewapa taa ya kupimia kama yangu. Kwa hiyo nilisikia hivi: amechoma sindano mwenyewe, ampuli imewaka, umeme unafika. Yeye alikuwa anasema kwamba ameweka kiganja kwenye sakafu ya gari na kimeungua. Neno ni lilelile. Mimi niliuliza kwa lugha ya gereji, yeye alijibu kwa lugha ya jikoni.

"Bon," nikasema. "Kama moto iko, shida ni masi tu. Kuja kesho asubuhi na mapema, tutamaliza mbele ya kontrolo."

"Na batoto ya leo?"

"Shuka nao pole pole. Weka muguu kwa breki mapema, malori yakuone. Usiutoe ovyo."

"Sawa, Ma Zaina."

Akanitii. Ubaya wa ushauri wa fundi ni huo, watu huutii. Kila sekunde mguu unapokaa kwenye breki, umeme wa taa zote za stopu unapita kwenye kile kiungo. Kiungo kilichooza ni mlango mwembamba: umeme unajibana, mlango unapata joto. Na msiniulize fyuzi ilikuwa wapi. Fyuzi ni mlinzi wa mlango wa nje. Inazuia umati, haimwoni mwizi ambaye tayari yuko chumbani.

Nilikuwa nakunywa chai ya pili pale nilipoona moto, yaani pikipiki, inaingia uwanjani kwa kasi, na juu yake Dieudonné bila kofia ya abiria, jambo ambalo hapa kwetu halifanyiki hata kwa harusi.

"Ma Zaina, panda!"

"Kuna nini?"

"Gari imeshika moto!"

Ninaona aibu kuandika kwamba hata hapo, kwa nusu pumzi, nilielewa kwamba gari limepata umeme.

Alinieleza njiani akipiga kelele kwenye upepo. Katikati ya mteremko moshi ulitoka chini ya kiti cha nyuma. Alivuta breki ya mkono, akatoa mguu, akawashusha watoto wote pamoja na mama anayewasindikiza, akafungua boneti na kuitoa kamba ya betri kama nilivyowafundisha. Kulikuwa na ulimi mdogo wa moto kwenye zulia, akauzima kwa udongo na koti lake. Kisha akahesabu watoto. Kumi na tatu. Akahesabu tena, kumi na tatu, na asubuhi alikuwa amepandisha kumi na nne. Alisema hapo alisahau hata jina lake. Wa kumi na nne alikuwa ndani ya kiduka cha kando ya barabara, anachagua andazi.

Nilipofika, watoto walikuwa wamekaa juu ya jiwe refu, wanaimba. Mama msindikizaji hakuwa anaimba. Niliingia ndani ya gari, nikainua zulia lililoungua. Tundu lilikuwa la ukubwa wa sahani. Katikati yake kulikuwa na kiungo cheusi, shaba imegeuka kijani na kahawia, skochi imeyeyuka upande mmoja. Upande wa pili ilikuwa bado nzima, na ncha yake ilikuwa imesimama.

Sikio.

Nililishika kwa vidole viwili. Nje watu walikuwa wameanza kutoa hukumu. Mmoja alisema madereva hawa wanabeba watoto kwa magari ya kubebea mawe. Mwingine alisema huyu alishaanguka kontrolo, alijua. Dieudonné alisimama na koti lililoungua mkononi. Nilihesabu wanaojua sikio lile ni la nani. Mzee Rajabu alikuwa amefariki zamani. Akabaki mmoja. Nikahesabu tena. Mmoja. Ingetosha kulivuta tu, kulikunja, na kulitia mfukoni, na kiungo kingekuwa cha fundi yeyote.

Nilikikata kiungo chote pamoja na sikio lake, nikakifunga kwenye leso.

Masera Bernadette alitaka maelezo kwa maandishi kabla ya Jumatatu: nani amekosa, na kwa nini watoto walipanda gari hilo. Dieudonné alikuja kwangu Jumamosi.

"Ma Zaina, niandike nini? Mi sijui hata nilikosa wapi."

"Hukukosa. Nitaandika mimi."

"We? Utaandika nini?"

"Utasoma."

"Andika muzuri basi. Ule mwingine ameshaosha na vioo."

Niliandika mara mbili, jioni ya Jumamosi na asubuhi ya Jumapili, nikaipeleka mwenyewe Nyundo. Masera alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Aliniketisha ofisini, Dieudonné akasimama mlangoni, na Masera akaisoma barua kwa sauti.

"'Masera mpendwa. Dereva aliniambia kwamba gari lina moto. Mimi nikafikiri lina moto, kumbe lilikuwa na moto. Kwa sababu moto ulikuwepo nilimwambia aendelee, na ndiyo maana likashika moto. Akaja kunichukua kwa moto.'"

Aliiweka mezani, akavua miwani.

"Mama Zaina, nimeisoma mara mbili."

"Hata mimi niliiandika mara mbili, Masera."

"Moto huu ni mmoja au ni mioto mingi?"

"Ni minne."

"Naomba nijulishwe kwa kila mmoja."

Nikamhesabia kwa vidole. Wa kwanza ni umeme, ndio niliouliza. Wa pili ni joto, ndilo alilojibu. Wa tatu ni ule unaounguza, ndio uliotokea. Wa nne una magurudumu mawili na namba nyuma. Mlangoni Dieudonné alikuwa ameanza kuelewa, niliona midomo yake inahesabu pamoja na mimi.

"Kwa hiyo alikupa habari ya kweli," akasema Masera, "na wewe ukaisikia kwa namna nyingine."

"Ndiyo."

"Na hicho kilichoungua, nani alikifunga?"

Hilo nilikuwa nimeliandika kwenye ukurasa wa pili, ambao hakuwa amefika. Nilifungua leso juu ya meza yake. Nikamwonyesha sikio, nikamweleza ni desturi ya nani, na ni wangapi wanaoifuata. Nikamwambia kuhusu dakika ishirini na tano.

Masera alikitazama kiungo kwa karibu. "Ungeweza kukiacha kwenye gari."

"Ningeweza."

"Gari hili halitagusa mtoto mpaka lipite ukaguzi. Nitaomba siku nyingine. Likipita, dereva ni yuleyule." Akavaa miwani. "Na nani atalitengeneza?"

"Mimi."

"Wewe uliyeliharibu?"

"Mimi ndiye ninayejua palipoharibika, Masera. Mwingine ataanza kutafuta."

Hakucheka. Aliichukua kalamu, akaandika nambari ndogo juu ya kila moto katika barua: mbili, moja, mbili, moja, tatu, nne. Ilionekana kwamba wa kwanza na wa pili umetokea mara mbili kila mmoja. Akahesabu tena, akaiweka kwenye faili.

Nje, Dieudonné alitangulia kushuka ngazi, akanisubiri chini.

"Kumbe ni skochi yako, Ma Zaina."

"Ni yangu."

"Na mi nakusifu kwa bantu bote, kila siku."

"Endelea, lakini punguza."

"Nipunguze ngapi?"

"Nusu."

Akafikiri. "Robo," akasema, na hapo nikajua kwamba hatagombana nami, ingawa alikuwa na haki.

Jumatatu asubuhi alileta gari likiwa limevutwa kwa kamba. "Itachukua muda gani?"

"Siku nzima."

"Ma Zaina! Saa mbili."

Nilifungua mlango wa nyuma.

"Tatu. Tatu na nusu, na nitakaa kimya."

"Siku nzima, Dieudonné."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoshuka hata dakika moja. Aliketi juu ya tairi akanitazama kama mtu aliyeingia duka la bei moja. Nilitoa viti, nikang'oa zulia lote. Nilihesabu nyaya kwenye fyuzi, nikahesabu katikati, nikahesabu kwenye taa, kisha nikarudi kinyume. Taa ya tatu niliipa waya wake mpya. Kila kiungo nililehemu, nikakivika mpira, nikakitundika juu ambako viatu vya watoto havifiki. Kisha nilimkalisha Dieudonné, akashika breki kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, taa zote zikiwa zinawaka, na mimi mkono wangu ukiwa juu ya kila kiungo kwa zamu. Hivyo ndivyo taa inavyopimwa. Sindano huniambia tu kwamba umeme umefika. Kiganja huniambia umefika kwa shida gani, na hicho sijawahi kuibiwa wala hakifanani na takataka.

Kiungo kilichoungua nimekiacha kwenye kopo la skrubu, rafu ya pili, pamoja na sikio lake. Msikitupe. Endeleeni kuacha sikio, ila kwanza lehemuni. Na mteja akiwaambia gari lake lina moto, muulizeni moto wa ngapi.

Gari lilipita kontrolo katikati ya wiki. Alhamisi, saa ileile ya baada ya chakula cha mchana, simu yangu ililia. Nyuma yake nilisikia watoto wanaimba, na kwa mwangwi nilijua wameshafika chini ya mteremko.

"Ma Zaina, gari iko..." Nilimsikia akitafuta neno, analiokota moja, analirudisha. "Nimeweka mukono, Ma Zaina. Mara mbili. Iko baridi."